Printa yangu ya picha ina miaka tisa: nilivyokaribia kununua kichwa kipya bila sababu

Wiki ya pili ya Januari, mlango wa studio yangu ukiwa umejaa wazazi wanaotaka picha za pasipoti za fomu za shule, printa ilianza kutoa nyuso za kijani. Mtoto amekaa vizuri, taa iko sawa, kwenye kompyuta picha ni safi kabisa, lakini karatasini anaonekana kama mgonjwa. Nikasafisha kichwa, ile sehemu inayorusha wino karatasini, kwa ile amri ya kwenye kompyuta, rangi ikarudi. Kufika saa sita mchana ikapotea tena. Nikasafisha mara ya pili na ya tatu, na kila mara wino unashuka tangini huku mteja akiangalia saa.

Studio yangu iko Nakuru, upande wa Bondeni. Printa yenyewe ni ya wino wa rangi sita: nyeusi, njano, samawati, majenta, kisha samawati nyepesi na majenta nyepesi. Matangi ya kujaza wino yako pembeni. Niliinunua mpya mwaka 2016 na imenilisha tangu hapo. Hizo rangi mbili nyepesi ndizo zinazofanya ngozi ya mtu itoke laini bila vidoti, na ndiyo sababu sikutaka kuibadilisha na ya rangi nne hata bei ilipokuwa nzuri.

Fundi wa kwanza niliyemwita aliitazama kwa dakika kumi hivi, akapaka grisi kwenye chuma ambacho kichwa hutembea juu yake, akasema, "Mama, kichwa kimekufa. Tafuta elfu kumi na nane." Pesa hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa karo. Nilimlipa usumbufu wake, nikakaa na printa usiku mzima nikiifikiria.

Kesho yake niliibeba kwa tuktuk hadi kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Shabab, hapa hapa Nakuru, ambaye alianza na taipureta kabla kompyuta hazijajaa mjini. Nataka nieleze alivyofanya kwa utaratibu wake, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka tisa ya kutumia mashine hii haikunifundisha.

Hakugusa bisibisi. Alichapisha ule mchoro wa vijistari vya kupima matundu ya wino, mara tatu mfululizo, akazipanga karatasi tatu mezani. "Mama Picha, angalia mapengo," akaniambia. "Ya kwanza yako huku juu. Ya pili yamehamia katikati. Ya tatu, yale ya juu yamejaa, yamefunguka mengine chini. Tundu lililoziba halihami. Hili ni jambo la hewa."

Nilisikia mwili wote ukilegea. Maelezo yake ni haya. Kichwa cha printa ya aina yangu hakichemshi wino. Ndani yake kuna vipande vidogo sana vinavyojikunja vikipata umeme na kusukuma tone nje, kwa hiyo hakiungui haraka kama vile vinavyotumia joto. Kinachokiua zaidi ni kukauka. Na kinachozuia kisikauke ni kifuniko kidogo cha mpira upande wa kulia, pale kichwa kinapolala kazi ikiisha. Kifuniko hicho kina kazi mbili: kuziba kichwa kisipate hewa, na kufyonza wino kupitia pampu iliyo chini yake wakati wa kusafisha. Kisipoziba sawasawa, pampu inavuta hewa badala ya wino. Unasafisha, unasafisha, na unazidi kuharibu.

Kipimo chake cha pili nakiweka hapa kwa sababu mtu yeyote anaweza kukifanya akiwa dukani kwake. Alikisogeza kichwa kushoto, akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akajaza kile kifuniko maji safi, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari (maji, si asidi!). Akaacha kidogo, kisha akaamuru printa isafishe kichwa. Maji yanapaswa kunywewa yote, kifuniko kibaki kikavu. Ya kwangu yalibaki pale pale, yametulia, yamegeuka rangi ya zambarau kwa wino wa zamani.

Alipoifungua tukaona. Kamrija ka mpira kanakotoka chini ya kifuniko kuelekea pampu kalikuwa kamechomoka, kananing'inia. Na ukingo wa kifuniko ulikuwa na wino ulioganda mzunguko mzima, mgumu kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Aliuloweka kwa maji ya uvuguvugu, akausugua polepole kwa kijiti cha pamba, akasema mpira wenyewe umeshakakamaa, haufai. Akatoa kingine kwenye printa mbovu aliyokuwa nayo rafuni. Kifuniko shilingi 800, kazi shilingi 1,200. Kichwa ni kile kile nilichonunua nacho 2016, na vijistari vyote vikatoka, hakuna hata kimoja kilichokosekana.

Akaniuliza ninavyoizima. Nikamwambia ukweli: jioni nazima swichi ya ukutani, vyote kwa pamoja, nafunga mlango. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi kulala kwenye kifuniko na kuzibwa. Ukikata umeme ukutani kikiwa bado katikati, kinalala wazi usiku mzima. Stima ikipotea yenyewe katikati ya kazi ni vivyo hivyo, na kwetu stima hupotea. Sasa ikipotea nasubiri irudi, nawasha printa, naiacha itulie, ndipo naizima kwa kitufe. Hata kama ni saa mbili za usiku.

Siku nne baadaye ikaja shida nyingine. Kigari kinachobeba kichwa kilianza kujigonga upande wa kushoto kwa kishindo, taa zinamweka, inasimama. Ikikubali kuchapisha, mistari ya wima inatoka miwili miwili, ukingo wa kola ya shati una kivuli. Nilimpigia mzee simu. Swali lake la kwanza: "Nani alipaka grisi?"

Nyuma ya kigari kuna utepe mwembamba wa plastiki angavu, umevutwa kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine. Ukiuangalia kwa haraka unadhani ni plastiki tupu. Nilimulika kwa tochi ya simu kwa pembeni nikaona vijistari vyeusi vidogo kupita unywele, vimejipanga bila kuacha nafasi. Sensa iliyo kwenye kigari huvihesabu vijistari hivyo ili kujua kichwa kimefika wapi. Na upande wa kushoto, pale pale kilipokuwa kikijigonga, kulikuwa na alama ya grisi upana wa kidole gumba, na vumbi limenata juu yake kama unga. Sensa ikifika hapo haioni kitu, kigari hakijui kuwa ukuta uko karibu.

Nilifuta kwa kitambaa laini kilichoguswa maji yenye sabuni kidogo, nimeushika utepe kwa nyuma kwa vidole viwili usichomoke kwenye ndoana yake, kisha kwa kitambaa kikavu. Mzee alinionya nisitumie thina wala petroli, vinaweza kufuta vile vijistari na hapo utakuwa umeua utepe. Kazi ya dakika tano. Kishindo kikaisha, kivuli kikaisha. Ile grisi ya kwenye chuma niliipunguza nikaacha utando mwembamba tu.

Nakuru na vumbi hatuachani. Wengi husimulia kuwa hata jina lenyewe ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, na mtu aliyefanya kazi hapa Januari na Februari kabla ya mvua hahitaji kushawishika. Nimeshona kifuniko cha kitambaa kwa ajili ya printa na sikiondoi ila wakati wa kazi.

Upande wa karatasi sikupata taabu sana. Karatasi nzito za kung'aa zilikuwa zikikwama au kuingia mshazari. Rola ya kuvutia ilikuwa imekuwa laini kama kisigino cha kiatu cha zamani. Nilivua ule mpira wake, nikaugeuza ndani nje, nikaurudisha, na umevuta vizuri hadi leo.

Jambo moja linaniuma na nitalisema wazi. Kila unaposafisha kichwa, wino unaofyonzwa unamwagwa kwenye sponji zilizo chini ya mashine, na printa huhesabu. Hesabu ikijaa, inagoma. Hapa mjini utapata watu wa kukurudishia hesabu hiyo sifuri kwa programu, shilingi mia tano, dakika mbili, na hawagusi sponji. Nawasihi msikubali. Sponji iliyojaa itamwaga wino mezani, au ndani ya mashine penye umeme. Ya kwangu tulibadilisha sponji kwanza, ndipo hesabu ikarudishwa. Zile za zamani zilikuwa nzito mkononi kama matambara yaliyotoka kwenye beseni, na sehemu ya wino huo ni ule niliomwaga mwenyewe Januari nikisafisha kichwa kisichokuwa na kosa.

Kwa anayeuliza kama printa ya umri huu inafaa kutengenezwa, jibu langu linategemea ule mchoro wa vijistari. Mapengo yakihama, au yasipokuwepo kabisa na picha bado ina kasoro, tengeneza, maana ugonjwa uko kwenye mipira, utepe na vumbi, na hivyo ni vya bei ndogo. Pengo likikaa mahali pamoja wiki nzima hata baada ya kuloweka, hapo piga hesabu vizuri kabla ya kutoa pesa.

Mzee wa Shabab nampa alama zote isipokuwa moja: hana risiti, na kazi ikimjia nyingi utasubiri siku tatu bila simu. Printa naendelea nayo. Kuna gia moja upande wa kulia imeliwa meno mawili, unaisikia ikisema taka-taka karatasi inapotoka. Picha haijaathirika. Mzee ameagiza nyingine Nairobi, tumekubaliana shilingi 600, na nimemwambia aje kuifunga Jumapili wakati studio imefungwa.