Kubebewa begi Camino de Santiago: kwa mke na mume inalipa, ila moja tu

Naanza na jibu kabisa maana wengi ndo mnachotaka: kama mnatembea wawili, mke na mume, ile Camino Francés, moja ya njia za hija za Camino de Santiago, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port Ufaransa mpaka Santiago Hispania, kilomita kama 780 hivi, chukueni huduma ya kubebewa begi, ila begi moja, na sio kila siku. Nyota nne kati ya tano.

Inavyofanya kazi ni rahisi mno. Hosteli unapofikia unachukua bahasha ya kampuni risepsheni, ina kauzi ka lastiki, unaandika jina, namba ya simu, tarehe na mtakapolala kesho, unatia hela humo humo unaifunga kwenye mkanda wa begi. Asubuhi kabla ya saa mbili begi liwe chini mlangoni, mchana kwenye saa nane mnalikuta mbele ya safari. Bei inacheza euro 5 mpaka 7 kwa begi kwa siku, kuanzia Sarria, mji wa kilomita mia na kitu za mwisho, inashuka kidogo maana huko watembeaji ni wengi na kampuni zinagombania wateja. Uzito ulizeni kabla, wengine mwisho kilo 15, wengine wanakubali mpaka 20.

Sasa kwa nini moja. Ukitembea na mwenzio umbali unazoeleka, shida ni mwendo. Mume wangu akiona mlima anapanda kama kuna mtu anamdai huko juu, mimi naenda mdogo mdogo. Tukibeba wote, kila mtu na zigo lake, yeye anafika kwanza anasubiri kanuna, mimi nafika nimenuna zaidi, halafu yeye keshapumzika anainuka tuendelee wakati mimi ndo kwanza natafuta jiwe la kukalia, jamani hapo hata "umechoka?" inakuwa ugomvi. Tukachukua vizito vyote, slipingi begi zote mbili, nguo, ndala, vikorokoro vya kuogea, tukavishindilia kwenye begi moja likaenda na gari. Lile dogo lenye maji, makoti ya mvua, plasta za malengelenge, paspoti na zile kredensiali, vijitabu vya hujaji vya kugongewa mihuri njiani, akabeba yeye, mimi nikabaki na fimbo zangu tu. Mwendo ukalingana wenyewe, na stori zikarudi, maana ukiwa na kilo kumi mgongoni unaangalia vidole vyako tu hata kujibu unajibu kwa mguno.

Siku ambazo hiyo hela haiumi kabisa: siku ya kwanza ya milima ya Pyrenees, unatoka pale mjini chini unapandishwa mpaka juu kabisa Col de Lepoeder, zaidi ya mita 1,400 juu, ndo uteremkie Roncesvalles, na ule mteremko unamaliza magoti kuliko kupanda. Nyingine ni ya kupanda O Cebreiro, kijiji cha mlimani. Na ile baada ya mji wa Carrión de los Condes, kilomita kama 17 nyooofu bila kijiji hata kimoja, jua juu yenu na kivuli hakuna. Siku zingine za tambarare bebeni wenyewe tu.

Mabaya sasa. Begi likishaondoka limeshawaamulia mtakapolala, hata mguu ukigoma kati ya njia mtalifuata huko huko. Kwa hiyo ule mjadala wa "kesho tunaishia wapi" unahamia usiku, yeye anataka thelathini mimi nataka ishirini, na lazima uishe kabla ya bahasha kufungwa. Halafu hosteli nyingi za serikali hazipokei mabegi yanayoletwa na gari, zile za Xunta, serikali ya jimbo kule Galicia, hata kubuku kitanda huwezi, anayewahi ndo analala. Mnabaki na za binafsi, gharama inapanda, japo kwa wawili mkijumlisha vitanda viwili vya dabo deka mkaweka kidogo juu saa zingine mnapata chumba chenu, mnaepuka taa kuzimwa saa nne usiku na kwaya ya wakoromaji.

Nyota ya tano ilipotelea kijiji kimoja cha Meseta, ile tambarare ya katikati ya Hispania. Kampuni, jina siitaji, ilishusha begi letu baa ya jirani bila hata meseji, tumefika baa imefungwa mpaka jioni, tukakaa kwenye ngazi na nguo za jasho, soksi zimekauka miguuni, wenzetu wanapita wameshaoga wananukia sabuni. Wangu alicheka, mimi sikucheka. Kwa hiyo pigeni simu huko mnakolala muulize wanapokea mabegi au hapana, msiishie kuuliza kampuni.

Kuna watu watawaangalia vibaya eti hujaji wa kweli anabeba zigo lake. Waacheni. Ofisi ya mahujaji Santiago haikuulizi begi lilikuja na nini, ili wakupe cheti cha hija wanataka umetembea angalau kilomita 100 kwa miguu na mihuri yako ipo, zile kilomita za mwisho miwili kila siku, na kila mtu na kredensiali yake, ya mumeo haikuhusu.

Mnaopanga 2027 jueni ni Mwaka Mtakatifu maana tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, watu watajaa, vyumba vya wawili bukuni mapema kuliko begi.