Ubao wa Kujaza Upepo: Kabla ya Kulipa, Ugeuze Utazame Mkia

Ubao wangu wa kwanza wa kusimama na kupiga kafi niliununua Dar es Salaam kwa shilingi 1,150,000, ukanifikia Mtwara kwa basi ukiwa umekunjwa ndani ya begi lake kama godoro la safari. Kwa miezi minne mizima niliamini kwamba kosa ni langu. Kila alfajiri nilipotoka ufukweni Mikindani, maji yakiwa yametulia kama mafuta ndani ya sahani, ubao ulikuwa ukikimbilia kushoto, nami nikalazimika kupiga kafi mara sita upande wa kushoto kwa kila mara mbili za upande wa kulia ili tu niende mbele. Nilibadilisha namna ya kushika kafi, nikabadilisha mahali pa kusimama, nikaanza hata mazoezi ya bega.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa mitumbwi, aliyekuwa akiziba nyufa za mtumbwi wake pale pale ninapojazia upepo. Alinitazama siku kadhaa bila kusema neno, kisha asubuhi moja akaniita: “Mwanangu, hebu kigeuze hicho chombo chako nikione tumbo.” Nikakigeuza. Akachuchumaa kwenye mkia, akafumba jicho moja, akapitisha kidole gumba juu ya mapezi matatu yaliyokuwa yamegandishwa pale. Pezi la kushoto lilikuwa limelala, na ukingo wake wa nyuma umepinda kuelekea nje kwa kiasi cha upana wa kidole. “Usukani umeufunga kombo, halafu unailaumu mikono,” akasema, akarudi kwenye mtumbwi wake.

Tangu siku hiyo nimegeuza kila ubao niliokutana nao, wa rafiki zangu hapa Mtwara, wa binamu yangu anayepiga kafi Lindi kuelekea Kitunda, na wa wageni waliokuja kupumzika, na nimeona kasoro hiyo mara nyingi mno kuweza kuinyamazia. Kwa hiyo sitazungumzia rangi, begi, wala uzito wa kubeba, kwa kuwa hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Nitazungumzia mapezi na boksi linaloyashika, kwa sababu kwenye maji tulivu ndiyo yanayoamua kama utafurahia ubao wako au utaupa kisogo baada ya mwezi mmoja.

Baharini penye mawimbi ubao hutupwa huku na huku, na pezi lililopinda kidogo hupotea ndani ya vurugu hiyo. Kwenye maji tulivu hakuna kinachoficha kosa. Unapiga kafi, ubao unateleza, na katika kuteleza huko pezi linafanya kazi ile ile ya mkuku na usukani wa mashua: likikaa sawa, ubao unashika njia, likikaa kombo, ubao unageuka polepole hata usipogusa maji. Kosa huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni mapezi laini ya pembeni yanayogandishwa kiwandani moja kwa moja kwenye ngozi ya ubao, ambayo hupindika ubao unapokunjwa na kubaki hivyo hivyo yakikaa kwenye joto, na joto sisi tunalo la kutosha. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni boksi la pezi la kati kugandishwa kombo tangu kiwandani. Pezi lililopinda unaweza kulinyoosha. Boksi lililokaa kombo utaishi nalo.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akilitaja: valvu, yaani mdomo wa kujazia upepo, iko wapi? Ubao hukunjwa kuelekea valvu ili upepo uweze kutoka. Valvu ikiwa mkiani, unaanza kukunja kutoka puani, na mapezi yanabaki nje, kwenye mzunguko wa mwisho, yakiwa huru. Valvu ikiwa puani, utaanza kukunja kutoka mkiani, na mapezi yaliyogandishwa yatakuwa ndiyo kiini cha mkunjo, yamebanwa na uzito wa ubao wote juu yake. Ubao wangu ulikuwa na valvu puani na mapezi matatu yasiyotoka. Ulikaa hivyo ghalani kwa muuzaji, ukakaa hivyo ndani ya buti la basi kwa zaidi ya kilomita 500 za njia ya kusini, na sishangai tena kwamba ulifika ukiwa umepinda.

Namna ya kukagua ni rahisi na haihitaji chochote zaidi ya uzi na rula. Jaza ubao mpaka ukakamae, ugeuze tumbo juu, kisha vuta uzi wa kushonea kutoka katikati kabisa ya pua hadi katikati ya mkia. Uzi upite juu ya boksi la kati bila kuegemea upande wowote, mbele na nyuma. Halafu pima kutoka kwenye uzi hadi kila pezi la pembeni, kwanza ukingo wa mbele, kisha ukingo wa nyuma, na vipimo vya kushoto vilingane na vya kulia. Mapezi ya pembeni kuelekeana kidogo kwa mbele si kosa, mradi yaelekeane sawasawa. Ubao ukiwa uko mbali nawe, mwombe muuzaji afanye hivyo na akupigie picha akiwa amesimama juu ya mkia moja kwa moja.

Kuhusu cha kununua, sifichi upande wangu. Kwa maji tulivu ya ghuba ya Mikindani, au ya Lindi karibu na mdomo wa mto Lukuledi, ninaweka mbele Starboard, na hasa ule ubao wao wa safari unaoitwa Touring wenye urefu wa futi 12 na inchi 6, yaani kama sentimita 381, na upana wa inchi 30, yaani sentimita 76. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1994 nchini Thailand na Svein Rasmussen, Mnorwe aliyekuwa bingwa wa mbao za tanga. Ninaupenda kwa sababu una pezi moja tu, la kati, linaloingia na kutoka, na hauna mapezi ya pembeni ya kupindika. Boksi lake ni la aina ile ndefu inayojulikana kama US Box, na hilo lina uzito mkubwa kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya: boksi hilo hupokea mapezi ya watengenezaji wengi, kwa hiyo pezi likivunjikia kwenye jiwe la Msimbati huhitaji kuomba radhi kwa kampuni moja tu duniani. Baadhi ya mapezi yao wameyatengeneza kwa nyavu za kuvulia zilizochakatwa upya, jambo linalonigusa kila ninapoona nyavu zilizotupwa zikiwa zimenasa kwenye mikoko yetu. Ni ubao ghali, na mwembamba kidogo kwa anayeanza, lakini baada ya wiki mbili miguu huzoea.

Nafasi ya pili ninawapa Red wa Uingereza, walioanza mwaka 2008, na katika mbao zao ninachagua Sport ya futi 11 na inchi 3, yenye upana wa inchi 32. Mbao zao hukakamaa vizuri kuliko nyingi nilizokanyaga na zinavumilia presha kubwa. Uliza tu toleo unalouziwa linapokea pezi la aina gani, kwa sababu pezi la mfumo wa kampuni yenyewe likipotea huku kusini utasubiri sana. Ubao wao maarufu zaidi, Ride ya futi 10 na inchi 6, sikushauri kwa maji tulivu: kwa miaka mingi umekuja na mapezi matatu yaliyogandishwa, na ingawa ni imara kuliko yale yaliyonitesa mimi, ni mengi mno kwa mtu anayetaka kuteleza moja kwa moja juu ya maji yasiyo na wimbi.

Baada ya hizo mbili, jina halina uzito mkubwa. Ubao wowote wa futi 10 na nusu hivi, ambao mapezi yake yote matatu yanatoka, unakufaa kuliko ubao wa jina kubwa wenye mapezi yasiyotoka, kwa kuwa ya pembeni utayaacha nyumbani siku zote za utulivu. Vivyo hivyo kwa mbao zilizotumika ambazo wageni huziuza wanapoondoka Mtwara: nunua, ila nenda na uzi wako.

Mbao za bei ya chini kabisa zenye ngozi ya tabaka moja zinamtosha mtoto anayecheza maji yakiwa ya magoti.

Wauzaji nina neno nao. Unaona tangazo la ubao, picha kumi, na zote kumi zimepigwa kwa juu, zikionyesha maua na mistari ya rangi. Tumbo halipo, mkia haupo, bei nayo haipo, bali “njoo inboksi”. Ukienda huko, bei unayotajiwa wewe siyo aliyotajiwa jirani yako jana. Nilipomwandikia aliyeniuzia, nikamtumia picha ya pezi lililolala pamoja na rula, alinijibu kwamba yote ndivyo yalivyo na kwamba yatajinyoosha yenyewe majini. Nilipomwuliza bei ya pezi la kati linalouzwa peke yake, alinitajia shilingi 180,000 kwa kipande cha plastiki chenye urefu wa kiganja na vidole vyake. Ninaelewa kwamba mzigo husafirishwa na ushuru hulipwa, na kwamba kodi ya ongezeko la thamani ni ya kila mtu. Siwezi kuelewa mtu anayepokea zaidi ya milioni moja kutoka kwa mteja, kisha anaona uzito kugeuza bidhaa na kuipiga picha moja ya chini.

Ukishanunua, kuna kuuweka ubao sawa, na hapa subira hulipa. Anza na upepo. Ndani ya ubao wa aina hii kuna maelfu ya nyuzi zinazoishika ngozi ya juu na ya chini, na nyuzi hizo hazina msaada wowote presha ikiwa ndogo. Ubao huinama katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, nao mkia na pua vikainuka, na pezi likatoka kwenye kina chake. Jaza mpaka kipimo alichoandika mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa kati ya PSI (kipimo cha presha ya upepo) 12 na 15, hata kama dakika za mwisho za pampu zitakutoa jasho. Lakini usiuache ubao uliojaa juani. Upepo uliojazwa PSI 15 ukiwa na nyuzi joto 25 hufika PSI 17 na nusu hivi ukipata nyuzi joto 50, na ngozi ya ubao wa rangi iliyokolea juu ya mchanga wetu saa sita mchana hufika huko bila shida. Uweke kivulini, au utoe upepo kidogo.

Kisha pezi. Kwenye boksi refu unaweza kulisogeza mbele au nyuma kabla ya kukaza skrubu. Likiwa nyuma, ubao unashika njia lakini unakuwa mzito kugeuka; likiwa mbele, unageuka upesi lakini unayumba. Mimi huanza nyuma kabisa, kisha nalirudisha mbele kwa upana wa kidole kimoja kimoja mpaka nipate ninachotaka. Maji ya bamvua yanapokupwa na majani ya bahari yakawa karibu na uso wa maji, pezi refu lililosimama wima hukusanya majani mpaka ubao unakuwa kama umetia nanga. Siku hizo tumia pezi fupi lililolala kuelekea nyuma, ambalo majani huteleza juu yake. Au fuata ratiba ya maji na utoke wakati wa maji mafu.

Jaribio langu la mwisho ni hili. Toka kabla jua halijapanda na upepo haujaamka, simama usawa wa mpini wa kubebea, piga kafi kwa nguvu mara kumi, kisha piga magoti na uache ubao uteleze wenyewe. Angalia pua inaelekea wapi. Geuka, rudia kwa kuelekea ulikotoka, kwa sababu mkondo nao husukuma. Ubao ukielekea kushoto kwako katika safari zote mbili, basi si mkondo wala si mkono wako.

Pezi laini lililopinda linanyooshwa kwa maji ya moto. Nilichemsha sufuria, nikayamwaga polepole juu ya pezi huku nikiwa nimevaa glavu, nikalibana katikati ya vibao viwili vilivyonyooka, nikaacha lipoe kabisa. Lilinyooka. Likakaa sawa wiki tatu, nikaukunja ubao kwa safari ya Kilwa, likalala tena. Nililirudia mara mbili, kisha nikayakata mapezi yote mawili ya pembeni kwa kisu kikali, nikisaza kipande kidogo ili nisiguse ngozi. Ubao ule sasa unakwenda mbele kwa pezi la kati peke yake. Wanautumia watoto wa dada yangu, na tunauhifadhi ukiwa umejazwa upepo kidogo, umelala tumbo juu chini ya mwembe, bila kukunjwa.