TAHADHARI: Fundi wa sakafu za mbao anayezunguka Tudor na Kizingo, Mombasa

Jamani, naandika kwa hasira, na haya pia. Mimi, ninayebishana na wauza samaki hadi shilingi kumi ya mwisho, nimelizwa 99,000. Kwa sakafu!

Tulikuwa na haraka, arusi imekaribia. Kijana akaja, akavua viatu mlangoni, akampa Mama shikamoo na kumbusu mkono. Akatoa kipande cha ubao begini: mvule mtupu, mzito, nimeushika mwenyewe. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Sikia mti unavyolia, dada." Akaomba glasi ya maji, akayamwaga juu ya ubao, tukapiga soga kidogo, kisha akapangusa kwa mkono wa shati. Mkavu! Nikacheka kama mtoto aliyeonyeshwa mazingaombwe. Mita mraba 22, kila moja 4,500. Nikamtumia 70,000 pale pale kwa M-Pesa. Jina lililotokea si lake. Akasema la mkewe.

Msinicheke. Alishafanya nyumba mbili mtaani kwetu, nikaenda nikaziona zinang'ara. (Moja nayo imeanza kuvimba, nimeambiwa juzi.)

Makatoni yakaja yamefungwa. Nataka kufungua, akanizuia: "Hewa ya bahari itaziharibu, tutafungua siku ya kazi." Uongo! Mbao hizi hukaa chumbani siku kadhaa zizoee hewa ndipo zilazwe, tena kwa unyevu wetu huu. Alichotaka ni nisione ndani.

Katikati ya chumba alikwenda vizuri, wallahi. Kufika milangoni, badala ya kukata miimo kwa chini ubao upenye, aliukata ubao kuizunguka fremu, kombokombo kama umetafunwa na panya, akaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Kizingitini akapigilia mkanda wa alumini, "urembo." Nami nikalipa 29,000 zilizobaki. Na sahani ya biriani juu!

Masika yalipoanza, mkanda wa mlango wa jikoni ukang'oka. Mwisho wa ubao ukawa wazi: mvule uko wapi? Lamineti. Unga wa mbao ulioshindiliwa, juu picha ya mti, umevimba kama mkate uliotoswa chaini. Na kwa vile aliubana kwenye miimo bila kuacha upenyo, sakafu imeinuka nundu, milango inakwaruza. Akasema atakuja kuiranda. Simu hapokei tena.

Fundi mwingine kanionyesha: unalaza kipande cha ubao na ile sponji inayotandikwa chini yake kando ya mwimo, unaweka msumeno ubapa juu yake, unakata. Ubao unaingia chini, na upenyo wa milimita 10 hivi wa kutanukia unajificha humo humo. Dakika kumi tu! Ndizo zilizomshinda mwizi yule.

Basi mkiona jina la M-Pesa si lake, makatoni hataki yafunguliwe, mfukuzeni. Akate ubao mmoja mbele yenu muone tumbo lake. Mengine siyakumbuki, nina hasira. Huyu afungwe! Arandwe yeye badala ya milango! Polisi nimeshaandikisha, na nikikutana naye Mwembe Tayari mtanisikia.

Mama sijamwambia. Mlango wa chumba chake haufungi, na kila asubuhi aniuliza yule kijana mwenye adabu atakuja lini kuuranda.