Niliomba sai-fai ya kuanzia, nikapewa tofali

Jamani naandika hii bado nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa riwaya za familia, zile za mama mkwe, mirathi, mtoto kaondoka nyumbani hajulikani aliko. Sai-fai, yaani hadithi za kubuni za kisayansi, sijawahi kugusa. Sasa juzi kati hapa nikajiambia ngoja nami nijaribu, nikaingia duka moja la vitabu nikamwambia kaka wa kaunta, kaka naomba sai-fai nyepesi, ya mtu anayeanza kabisa. Hata hakuniangalia, macho kwenye simu, mkono ukaenda rafuni ukashusha Dune. Swali hata moja hakuniuliza.

Dune ilitoka 1965 na huko nyuma ina kamusi yake, ndiyo, kamusi ya maneno ya humo humo ndani. Hata sura ya kwanza haijachanganya nishapigwa na Bene Gesserit, sijakaa sawa naambiwa gom jabbar, sijui Kwisatz Haderach, kidole kimoja kiko ninaposoma kingine kiko kwenye kamusi, yaani usiku mzima kurasa kumi na ukiniuliza nimesoma nini siwezi kukwambia. Niliumia. Niliona labda kweli kichwa changu hakiwezi mambo haya.

Nikakirudisha, sikudai hela, nilitaka tu anibadilishie. Akacheka, wateja wapo, akasema "dada hizi si za watu wa mapenzi, hizi zinataka akili." Nilishindwa hata kujibu. Mtu anakuja na hamu yake ya kusoma, we unamfungia mlango usoni halafu unamcheka, hiyo ni biashara gani? Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu haiwezekani kuweka sifuri.

Ila ngoja. Kulikuwa na dada mwingine pale anapanga vitabu, akanifuata mpaka mlangoni akaniuliza taratibu, "kwani dada kitabu gani kilishawahi kukuliza?" Hilo ndo swali! Nikamwambia ni kile cha msichana aliyetoka kwao bila kuaga. Akarudi ndani akaniletea kitabu kinaitwa Binti, cha mwandishi Nnedi Okorafor, cha 2015, kembamba, hakifiki kurasa 100.

Ni msichana wa Kihimba kutoka Namibia, Binti ndo jina lake, kapata nafasi chuo kikuu cha sayari nyingine na ukoo wao hakuna aliyewahi kwenda, basi anatoroka usiku familia imelala. Yuko kwenye foleni ya kupanda chombo, mwili na nywele kajipaka otjize, ule udongo mwekundu wa kwao, mara mwanamke wa nyuma yake anamshika msuko bila hata kumwomba ruhusa. Nilisimama hapo nikarudia kusoma. Chombo cha anga za juu sikijui, lakini kushikwa nywele na mtu usiyemjua, kutazamwa kama kitu cha maonyesho, hilo nalijua vizuri sana. Kufika zile vurugu za huko angani mimi nishakuwa upande wa Binti, hata mashine nisizozielewa hazikunisumbua tena.

Kwa hiyo kama unaanza, anza na unachokipenda tayari. Unapenda historia, chukua Kindred ya Octavia Butler, 1979, mwanamke mweusi wa Marekani anavutwa ghafla kutoka zama zake mpaka enzi za utumwa, chombo cha anga hakuna hata kimoja, ila inauma, usiisome ukiwa na huzuni zako. Unapenda mtu anayehangaika na tatizo mpaka alitatue, The Martian ya Andy Weir, jamaa kaachwa peke yake Mars analima viazi kwa mbolea ya vinyesi, mahesabu ni mengi lakini ruka tu, hupotei.

Nyota nampa yule dada wa rafu, tano zote, na duka labda mbili kwa sababu yake. Hapana, moja na nusu.

Na Dune nimeianza tena juzi. Kamusi sijaifungua, neno nisilolijua nalipita tu linakuja kueleweka mbele ya safari, na nimefika mbali na ni tamu, tamu kweli, na hapo ndo hasira zinanirudia upya maana yule kaka alibakiza kidogo tu niikose.