Mikutano ya AA Kampala: miezi saba kwenye kiti cha plastiki

Kabla hujauliza: mikutano ya AA, ya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ni bure. Hakuna fomu, hakuna kitambulisho, hakuna wa kukuuliza kabila lako wala dini yako. Mwishoni kofia inapita. Mwenye mia tano anaweka, asiye nayo anaipitisha kwa jirani. Kuingia si shida. Shida ni kuupata huo mlango.

Niliendesha trela miaka tisa, Mombasa hadi Kampala. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya mpakani Malaba akingoja karatasi anajua siku zinavyouawa pale. Nilianza na viroba. Uganda ilipovipiga marufuku 2019 nikahamia kwenye vichupa vya plastiki, ambavyo kwangu vilikuwa viroba vyenye kifuniko. Mwaka jana tajiri alininusa asubuhi akanyoosha mkono, nikampa funguo za gari bila kubishana. Sasa nalinda yadi huku Namanve. Lakini kilichonitisha hasa ni kufuli la geti: saa kumi na moja alfajiri mkono unacheza, ufunguo unagonga chuma pembeni mwa tundu, hauingii mpaka nizimue kwanza.

Nikaacha ghafla, kwa kiburi changu. Siku ya pili nikaanguka kwa degedege hapo hapo getini. Daktari alinieleza kuwa mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa kwa mara moja unaweza kukuua. Kwa hiyo wewe unayetetemeka asubuhi, pita hospitali kwanza, mkutano utaukuta. Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Kampala, wana wodi ya watu wa pombe na dawa za kulevya. Najua Uganda jina hilo ni tusi. Mimi nilimwambia mke wangu naenda kung'oa jino.

Haya, mlango. Namba ya kwanza niliyopewa haikupatikana wiki nzima. Anwani ya pili ilikuwa sahihi, ila ratiba iliandika "Jumamosi 7:00", basi. Mimi na saa yangu ya Kiswahili nikafika saa saba mchana, jua la utosi, nimevaa shati la Idi. Nikamkuta askari anakula gonja. "Ssebo, hao huja jioni." Nikarudi nyumbani, na njiani nikapita baa nne nikizihesabu. Ukiwa katika hali ile, kosa dogo la ratiba si dogo. Hapo nimewakata nyota moja, na siirudishi.

Wiki iliyofuata nilifika saa moja jioni. Chumba cha nyuma ya kanisa, viti vya plastiki kama kumi na viwili, chupa ya chai, karanga kwenye sahani ya bati. Kanisa linakodisha chumba tu, hakuna mahubiri. Wanamtaja Mungu, ndiyo, ila "kadiri unavyomwelewa wewe", na jirani yangu wa kushoto alikuwa Mwislamu aliyechelewa kwa sababu ya Magharibi. Mzee mmoja akanisimulia kuwa haya yote yalianza Marekani 1935, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Nikamuuliza, daktari naye? Akacheka hadi chai ikamwagika.

Waliyosema wengine sitayaandika, ndiyo sheria ya chumba kile. Nitasema langu. Watu wanazungumza Kiingereza na Kiluganda, na Kiswahili changu kilinitia aibu. Kwenye karatasi ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini Kampala ukikiongea wazee wengine, waliokizoea kama lugha ya wanajeshi, bado wanakutazama kama umeshika bunduki. Yule mzee akasema, "Ongea, afande, tutaelewa." Mimi si afande, ila niliongea. Pale desturi ni kutaja jina lako la kwanza kisha useme wewe ni mlevi. Kwetu mlevi ni yule aliyelala mtaroni, ni neno la kumtupia mtu mawe. Nilikwama. Nikasema, "Pombe imenishinda." Wakaitikia vilevile, jina langu, kwa sauti moja. Baadaye nikaambiwa AA wana hatua kumi na mbili za kufuata, na ya kwanza inasema karibu hivyo hivyo.

Kwingine huwa wanatoa medali kwa siku ulizokaa mkavu. Kikundi chetu hakina medali. Siku ya thelathini nilipewa sarafu ya mia tano, ile yenye kichwa cha korongo, na nikaambiwa nisiinunulie chapati. Ninayo mfukoni.

Malalamiko mengine: mwanamke ni mmoja tu, na naona wazi anavyochoka kuwa peke yake. Safari ya kwenda na kurudi inakula elfu sita, kwa mlinzi si mchezo. Na kuna aliyenisalimu ndani ya taksi kwa sauti, "Tutaonana mkutanoni!", abiria wote wakageuka. Nilimwendea baadaye tukaelewana.

Nyota nne kati ya tano. Ufunguo wa chumba nimekabidhiwa mimi mwezi huu, nafungua na kuchemsha chai. Getini nimetundika kipande cha boksi, nimeandika kwa makaa: SAA MOJA JIONI. Mvua imekifuta mara mbili.