Tangi la choo la gari la kulala limepasuka: ununue nini?

Gari la kulala likikufa injini, mafundi wamejaa kila kona. Likipasuka tangi la choo, utawaona wanarudi nyuma hatua mbili. Langu lilipigwa na jiwe karibu na shingo ya valvu, kwenye njia ya vumbi inayoingia msitu wa Kakamega. Kisumu nikauziwa mirija mitatu ya silikoni, ikapakwa vizuri, nikaambiwa, "Hiyo imeisha, mama." Tulipofika njiapanda ya Londiani, watoto walikuwa wamefungua madirisha yote katika baridi ile ya Mau, na hakuna aliyetaka kuyafunga.

Kwa hiyo mpangilio huu wa tiba, kuanzia iliyo bora, ni wa mtu aliyelipa mara mbili. Kipimo changu ni kimoja tu: kiraka kitashika tangi likiwa limejaa na barabara ina matuta? Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 80 lililojaa ni kilo 80 zinazoning'inia chini ya gari, na kila tuta huufungua ufa kidogo zaidi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, ijue plastiki yako. Matangi mengi ya magari haya ni ya polithini au ya ABS, na dawa ya moja haifai kwa nyingine. Tafuta maandishi yaliyochapwa ubavuni. Usipoyaona, kata kipande chembamba ukingoni ukitumbukize kwenye maji: polithini huelea, ABS huzama. Bado una shaka? Kiwashe mbali na gari. Polithini inanuka kama mshumaa uliozimwa na inadondoka matone. ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi. Polithini, kwa kweli, ni ndugu wa mshumaa hata kwa tabia: ngozi yake ni ya nta, gundi haipati pa kushika. Ndiyo maana silikoni yangu ilibanduka ikiwa nzima, kama ganda la yai.

Nafasi ya kwanza: kuchomelea plastiki, kwa tangi la polithini

Usimtafute fundi wa magari. Mtafute anayeziba matangi ya maji ya nyumbani, yale meusi yanayokaa juu ya paa. Kisumu ulizia pembeni mwa soko la Kibuye. Nakuru uliza duka lolote la vifaa vya ujenzi, watakuelekeza. Kijana aliyenitengenezea Nakuru aligusa tangi kwa ukucha, akasema, "Mama, hii gundi haitaiweza. Hii ni ya kuyeyushwa."

Unachonunua hapa ni kazi, na kazi ina dalili zake. Fundi mzuri hutoboa kitundu cha milimita 3 hivi kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Huchonga ufa uwe na umbo la V, hukwaruza pande zote kwa msasa namba 80, kisha huyeyusha plastiki ya tangi pamoja na kijiti cha kujazia. Muulize kijiti hicho kimetoka wapi. Vipande vya jerikeni vinafanya kazi, lakini mabaki ya tangi la maji ni bora, kwa sababu jerikeni nyingi ni za polithini ngumu zaidi na matangi yanayoumbwa kwenye kalibu ya kuzungushwa, kama hayo ya maji, huwa ya aina laini. Ukiona anapaka plastiki ya moto juu ya ufa bila kuyeyusha tangi lenyewe, msimamishe. Hicho ni kiraka cha kuwekelea tu, kitang'oka.

Tangi lifike kwake limeoshwa mara kadhaa, likakauka, na valvu zikiwa wazi. Kinyesi kilichokaa hutoa methani, nayo hulipuka ikikutana na moto. Jik inatosha kuua vijidudu, ila usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chini ya gari hakuna hewa ya kukuokoa.

Ya pili: gundi ya ABS, kama tangi ni la ABS

Hapa mambo ni mepesi, na kama ningekuwa na tangi la ABS hii ndiyo ingekuwa ya kwanza. Asetoni huyeyusha ABS. Kwangua vipande vya plastiki hiyo hiyo, vilowe kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo hadi viwe uji mzito, paka, weka kiraka cha ABS, paka tena. Kiraka kinakuwa sehemu ya tangi. Kipe siku nzima kikauke, hata kama mwenye duka anakwambia saa moja yatosha. Na usikubali kuuziwa Tangit ya kawaida: hiyo ni gundi ya mabomba ya PVC.

Ya tatu: kuachana na tangi kabisa

Najua umekuja kutafuta kiraka, lakini nisikilize. Kama mnasafiri wawili au watatu, choo cha kubebeka chenye kisanduku cha takriban lita 20 kinaweza kukufaa kuliko tangi la kudumu. Unakichomoa kwa mkono na kukimwaga kwenye choo cha kambi, kwa ruhusa. Dawa iwe isiyo na fomaldehidi, maana kemikali hiyo ya fomaldehidi huua bakteria wanaofanya kazi ndani ya tangi la maji taka la mwenyeji wako. Familia kubwa, ruka hapa.

Ya nne: tangi jipya

Kuliagiza Marekani au Uingereza ni ghali kuliko unavyodhani, kwa sababu tangi ni jepesi lakini linakula nafasi, na kwa ndege utalipia nafasi hiyo. Kutengenezewa la chuma kisichoshika kutu kunawezekana, ila uzito unaongezeka. Chuma cha kawaida kitaoza. Tatizo ambalo watu hulisahau ni bomba. La Marekani la inchi 3 lina kipenyo cha nje cha milimita 89 hivi, na la choo la hapa kwetu kwa kawaida ni 110. Nunua kiungo cha mpira chenye vibanio mapema, la sivyo utakuwa na tangi jipya lisilo na mlango.

Ya tano: epoksi na faibaglasi

Kwa ABS zinashika kiasi, hasa ufa ukiwa upande wa juu ambako maji hayasukumi. Kwa polithini, sahau.

Ya mwisho: utepe wa mpira unaonata (butili), silikoni, sabuni ya mche

Ni vya kukufikisha mjini, tangi likiwa tupu. Ndiyo, hata sabuni ya mche iliyokandwa huziba ufa mdogo kwa saa chache.

Kuhusu malipo: toa nusu. Jaza tangi maji safi yenye rangi ya chakula, weka gazeti chini, liache hadi asubuhi. Kisha endesha juu ya matuta machache na ulitazame gazeti jingine. Likibaki kavu, toa nusu iliyobaki. Mimi nilimwongezea kijana wangu kidogo, maana alifanya kazi ile bila kuziba pua hata mara moja.

Maji taka yaliyomo kabla ya ukarabati yasimwagwe mtaroni, wala mtoni, wala ziwani. Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza. Ita lori la kunyonya. Kwa Nakuru kuna jambo la kuchekesha: uchafu wa vyoo huko hugeuzwa makaa ya kupikia na kampuni ya NAWASSCOAL. Watoto wangu walipoambiwa, walinyamaza hadi Naivasha.