GeNotes: msaada wa jinomiki kwa daktari aliye kazini

GeNotes, huduma ya bure ya mpango wa elimu ya jinomiki (elimu ya jeni zote za mtu) wa NHS, huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, inamfaa sana daktari mwenye foleni ya wagonjwa. Kurasa za kliniki zinaanzia kwa mgonjwa aliye mbele yako: apimwe au la, kipimo gani kiombwe, majibu yakija ufanye nini. Saratani ya matiti ya kurithi, kwa mfano, ina msimbo wa kipimo R208. Hakiki msimbo na vigezo kwenye orodha rasmi ya vipimo ya NHS, maana hubadilishwa. Damu ya kupima DNA iwekwe kwenye chupa yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande. Heparini, kizuizi kingine cha kuganda, huweza kuvuruga PCR, mbinu ya maabara ya kunakili DNA. Ila kuieleza familia majibu yasiyo na uhakika hakufundishiki kwa kusoma tu. Hapo tafuta warsha ya ana kwa ana.